Changu asiye na kichwa

Mama yangu ni mtu wa Pangani, amekaanga samaki wa kuuza kwa miaka zaidi ya thelathini, kwahiyo mkitaka kujua ujinga wangu ulianzia wapi anzieni hapo hapo, yani mtu wa namna hiyo mimi nimempandisha mpaka Arusha halafu nikampeleka kula samaki wa hotelini tena kwa bei ya mbuzi mzima.

Ilikuwa mwezi wa nane. Mama alikuja kutolewa mtoto wa jicho pale KCMC Moshi, jicho la kulia, la kushoto bado linasubiri zamu yake. Alikuwa ameshakaa muda mrefu anaona kila kitu kama yuko ndani ya chandarua, akawa hata kuchambua mchele anapapasa, sisi watoto tukachanga tukamleta. Jicho lenyewe wala halikuchukua muda, kesho yake wakamfungua bandeji akatulia kidogo, akageuka akamwangalia mume wangu, cha kwanza kusema ni "Kumbe baba Nasra una mvi!" Mume wangu hilo hajalisahau mpaka leo.

Tukarudi naye Arusha nyumbani Sakina akae wiki tatu asubiri tarehe ya kurudi kliniki. Masharti yalikuwa mengi, asiiname, asibebe kitu kizito, matone kwa saa zake, na asikae kwenye moshi. Sasa mama bila jiko ni kama umemfunga miguu. Akawa anakula tunachompa, na sisi huku mnatujua, mume wangu Mmachame, leo mtori, kesho ndizi nyama, keshokutwa makande, jirani yetu mama wa Kimeru akamletea mpaka loshoro. Mama anakula, anashukuru, anasema Mungu awazidishie. Wiki ya pili akaanza kuuliza kwa adabu tu, "Hivi huku kitoweo mnapataje?" Mume wangu anamjibu "Nyama ipo mama, tena ya kumwaga." Mi ndo naelewa, kwetu ukisema kitoweo umesema samaki, nyama ni nyama.

Basi nikajisemea nimpe heshima mama yangu. Kuna mgahawa mmoja hapa mjini, jina nauacha, wamejitangaza kwamba wao ni samaki wa baharini tu, watalii wanajaa pale, nilishawahi kupita nje nikaona magari yalivyopangwa nikasema siku moja na mimi. Nikapiga simu nikashika meza ya watu watatu Ijumaa usiku. Nikavaa, mama nikamvalisha baibui lake jipya na ile miwani myeusi ya hospitali, na koti la mume wangu juu yake maana ile baridi ya Arusha mwezi wa nane kwa mtu wa Pangani ni adhabu. Tukapanda Bolt tukaenda.

Niseme ukweli, mahali ni pazuri. Ukutani wametundika nyavu, makasia mawili, na taa za chemli. Weita kijana mpole sana akatuletea vitaulo vya moto vimekunjwa kama sambusa, mama akauliza ni vya nini nikamwambia vya kunawa, akafuta mikono taratibu kidole kwa kidole halafu akakikunja tena vilevile kilivyokuja. Tulivyokaa akanyoosha mkono akaushika ule wavu wa ukutani akausugua na dole gumba, akaniambia kwa sauti ya chini, "Huu haujawahi kulowa huu." Nikacheka. Sikujua kama ndo hukumu ya kwanza imeshatoka.

Menyu ikaja. Imeandikwa changu mzima wa kuchoma, kutoka Tanga, kavuliwa leo, 52,000. Pweza wa kuchoma 34,000. Kamba wa limao na kitunguu saumu 46,000. Mume wangu akaagiza steki ya 38,000, nikamwona kama mshamba, yani unakujaje sehemu ya samaki unaagiza ng'ombe. (Nitarudi kwenye hiyo steki.) Juisi tatu, 8,000 kila moja, na maji makubwa.

Mama akaniomba nimsomee, nikamsomea. Nilivyofika kwenye "kavuliwa leo" akaniuliza leo saa ngapi. Nikasema mama si wameandika tu leo. Akaanza kupiga hesabu kwa vidole, wavuvi wanarudi asubuhi jua limeshatoka, mpaka wapigwe mnada, na basi la Tanga la kuja huku linaondoka alfajiri, sasa huyo samaki alidandia lipi? Halafu akamalizia na lile ambalo mimi mtoto wa Pangani nilitakiwa kulikumbuka mwenyewe, "Tena na kusi hii." Kwa msiokulia pwani, kusi ni huu upepo wa kuanzia kama mwezi wa nne mpaka wa tisa, na katikati hapo mwezi wa sita, wa saba, wa nane bahari inachafuka kweli, mitumbwi na ngalawa siku nyingine haitoki kabisa, samaki anakuwa wa kutafuta hata huko huko Pangani. Na ndo miezi hiyo hiyo watalii wanajaa Arusha. Yani bahari ikifunga, huku ndo wateja wanafunguka, na menyu haibadiliki hata mstari mmoja.

Mi nikamwambia mama labda wanaleta kwa ndege. Akasema labda.

Chakula kilichukua saa nzima na dakika. Kilipokuja kilikuja kwa shangwe, weita wawili, sahani nyeupe kubwa kama ungo na katikati hapo kitu kidogo, sosi imechorwa kama mtu alikuwa anajaribu kalamu, juu kuna ua. Nikapiga picha. Mama akauliza ua linaliwa, nikasema linaliwa, akalitoa akaliweka pembeni akasema atampa Nasra.

Nikaanza na pweza. Sasa pweza mimi namjua, nimekua nachokoa pweza na shangazi zangu maji yakitoka wakati wa bamvua, pweza anapigwa, anachemshwa na maji yake mwenyewe mpaka jino linapita, ndo achomwe ukitaka. Huyu alikuwa amepelekwa kwenye moto moja kwa moja. Nilitafuna nikatafuna, nikabadilisha upande, nikawa nasikia kabisa taya linafanya kazi, mwisho nikameza kipande kizima na juisi ya embe. Kamba vichwa vilikuwa vimeingia weusi pale shingoni, na ukimuuma hakatiki ile kruch, anapondeka kama ugali wa jana.

Hapo mimi nilishajua. Hii ndo sehemu inayonitia aibu mpaka leo, sio ile hela. Nilijua kabisa toka tonge la kwanza kwamba tumepigwa, halafu nikamgeukia mama yangu, mkaanga samaki, nikamwambia "Tamu eeh?"

Mama hakunijibu. Alikuwa na yule changu. Alimbonyeza na kidole, ile alama ya kidole ikabaki pale pale haikurudi, na maji yakatoka pembeni mengi. Akamnusa. Akachukua unyofu mdogo akala, akakaa nao mdomoni muda mrefu. Halafu akavua miwani, akasogeza sahani karibu na mshumaa akainamisha shingo kwa lile jicho jipya (mi nikasema mama usiiname, akasema siinami natazama) na akamwita weita.

"Mwanangu, kichwa chake kiko wapi?"

Maana huyo changu mzima alikuja hana kichwa. Mi nilikuwa hata sijaliona hilo, niliona ua.

Kijana akasema "Mama, wageni wetu wengi hawapendi kuangaliana na samaki, kwahiyo huwa tunakitoa."

"Sawa baba. Mimi napenda. Kaniletee."

Kijana akaenda. Tukamwona kwenye mlango wa jikoni anaongea na mtu kwa kunong'ona, akarudi anatembea taratibu. "Samahani mama, kimeshatupwa."

"Kwenye pipa lipi? Sili, nataka kukiona tu."

Jamani nilitamani ardhi. Meza ya jirani kulikuwa na wazungu na guide wao, yule guide Mswahili mwenzetu alishaanza kusikiliza. Nikamkanyaga mama mguu chini ya meza. Akaniangalia akasema kwa sauti ile ile ya kawaida, "Unanikanyaga nini?"

Baba Nasra huyo anakata steki yake anakula, ametulia kama yuko harusini.

Mwisho mpishi mwenyewe akatoka, kijana mdogo tu, kofia nyeupe, akampa mama shikamoo mbili. Mi nikajiandaa kwa vita. Mama akamwambia kaa, akavuta kiti, kijana akakaa nusu makalio huku anaangalia kama bosi yupo. Mama akamuuliza kwao wapi, akasema Karatu. Umeshafika baharini? Bado mama. Basi mama akamchorea changu pale kwenye kitambaa cha meza na ncha ya kisu, kwamba changu ana uso mrefu, pua imechongoka kama punda, na hapa shavuni ukimpapasa hana magamba, laini, wakati sato uso wake mfupi na shavu lina magamba. "Ndo maana nataka kichwa. Mwili mnaweza kunidanganya mkishachoma na kupaka sosi, uso hamuwezi." Halafu akasema huyu nimemla ananuka udongo kwa mbali, huyu hajawahi kuonja chumvi maisha yake yote.

Yule kijana akacheka kwanza, halafu akaacha kucheka, akasema kwa sauti ya chini kweli mama ni sato. Changu waliisha toka Jumatano, na wenyewe walikuwa wa kugandishwa, wanakuja mara moja kwa wiki, na wiki ile umeme ulikatika usiku mzima jenereta likasumbua, friza likayeyuka likaganda tena, wakatupa wengine, wengine wakaambiwa watumie. Kamba na pweza ni wa mzigo huo huo. Akasema akiambiwa weka sato anaweka, yeye ni wa kupika tu.

Mume wangu hapo ndo akaweka kisu chini. Akataka meneja aitwe, akataka hela irudi, akaanza na ule mkono wa Kimachame wa kuhesabia kwenye meza. Mama akamzuia. "Baba, ukimwita meneja anayefukuzwa ni huyu." Akamgeukia kijana akamwambia sato sio samaki mbaya hata kidogo, angemwita sato angemla na angemsifia, na pweza mchemshe kwanza mwanangu, usiweke maji, ana maji yake.

Bili ikaja. Chakula na vinywaji 198,000. Halafu chini kabisa ya menyu, maandishi saizi ya sisimizi ambayo hata lile jicho jipya lisingeyaona, kwamba bei hazina VAT wala huduma. Asilimia 18 ya VAT ni 35,640, huduma asilimia 10 ni 19,800, jumla 253,440. Nikalipa kwa simu. Tena nikaacha na elfu tano ya weita, nikasema "asanteni sana, chakula kizuri." Mdomo wangu wenyewe ndo ulisema hivyo. Nimejiuliza mara nyingi kwanini, nadhani ni vile unaingia sehemu kama ile unajihisi wewe ndo unafanyiwa mtihani, kwamba ukisema kibaya utaonekana hujazoea, kwahiyo unameza. Mama yangu hana huo ugonjwa kwasababu yeye kwenye habari ya samaki hakuna mtu wa kumfanyia mtihani.

Kuhusu steki, niwe mkweli, nilionja kipande nikiwa kwenye gari maana baba Nasra alifungiwa iliyobaki, na ilikuwa tamu balaa. Chipsi pia. Jikoni kwao wanajua kupika, yule wa Karatu ng'ombe anamjua, samaki ndo anatajiwa tu majina.

Njiani mama hakuongea chochote kuhusu chakula. Alikuwa anaangalia taa za mji, anasema kumbe taa zina mwanga hivi. Tulivyofika akaniomba chai na mkate, akala vipande vinne.

Jumapili yake nikampeleka soko la Kilombero, kwa ombi lake mwenyewe, na miwani yake. Hapo sasa ndo nilimwona mama yangu. Anapita kwenye meza za samaki hagusi kitu, anaangalia macho tu, macho yao na wao wanaangalia lake. Huyu kazama, huyu ana ukungu kama mimi kabla ya KCMC, anamwambia muuza hivyo na muuza anacheka. Anafungua shavu kwa ukucha, jekundu anaendelea, kahawia anafunga. Akasimama kwa mama mmoja mwenye perege wadogo, akauliza wametoka wapi, akaambiwa Nyumba ya Mungu. Mume wangu ndo akamwelezea kwamba hilo bwawa maji yake yanatoka huku, huu mto Themi unaokatiza mjini unaingia Kikuletwa, Kikuletwa unaingia bwawani, na bwawani yanatoka yanateremka mpaka baharini, Pangani. Mama akamwangalia kama anamtania. Ule mto wetu? Ule ule. Akawashika wale perege akasema "Basi hawa majirani zangu wa juu," akachukua sita, 18,000, akaomba wapunguze, wakapunguza mpaka 15,000.

Nilipika mimi, yeye amekaa kwenye kiti mlangoni nje ya moshi anatoa amri. Chumvi sasa. Limao bado. Geuza, unangoja nini. Nyanya, bizari kidogo, nazi ya mwisho mwisho, nazi yenyewe nimenunua bei ya Arusha nikaumia. Alikula na wali, akala na vichwa vyote sita, akavipanga mifupa pembeni mwa sahani kwa mstari. Baba Nasra ambaye samaki kwake ni kama dawa alikula wawili.

Siku hizi nikitoka na watu wa ofisini tukifika sehemu ya samaki nauliza mapema kabla sijafungua menyu, huyu amekuja siku gani, na kama ni mzima nataka nimwone kabla hajapanda jikoni. Wengine wananileteaga kwenye sinia bila shida. Wengine wanasema taratibu haziruhusu, hapo naagiza kuku. Kuna mwenzangu mmoja aliniambia natia aibu, nikamwambia nilishawahi kulipa 253,440 ili nisitie aibu.

Mama alirudi kwao mwezi wa tisa mwanzoni. Kumbe alivyofika aliwahadithia Pangani nzima, mdogo wangu ananiambia, lakini kwenye hadithi yake sato hayupo sana, anachosimulia ni kile kitaulo cha moto kilivyokunjwa.

Mwezi wa kumi na moja, kaskazi imeshaanza na bahari imetulia, nikapigiwa simu na konda wa basi nikachukue mzigo stendi. Ndoo ya rangi ya lita ishirini, imefungwa gundi ya karatasi mizunguko kama kumi, jina langu kwa maka pen. Nyumbani nikaifungua jikoni na mume wangu yupo. Barafu nusu imeshakuwa maji, chumvi ya kutosha, majani ya mgomba juu. Nikafunua majani. Changu wanane, wamesimamishwa wote mikia chini, vichwa juu, pua ndefu kama punda, wametutumbulia macho.

Simu ikaita hapo hapo. "Umeviona?"